Siku Mama Mashine Alipoulizwa Kura Yake

Ukitaka habari za Mkongo, beba mpunga wako, hata ukiwa nusu ndoo, uende kwa Mama Mashine. Ukimaliza kukoboa utakuwa umejua nani kaoa, nani kahamia Ikwiriri, na bei ya korosho imefika wapi.

Jina lake hasa ni Mwanajuma Lubinga. Mashine aliachiwa na kaka yake, aliyehamia Mbwara kwa mke wa pili na kukataa katakata kuibeba. Wakati huo Mwanajuma hakujua hata pa kutilia mafuta. Akamwita fundi kutoka Ikwiriri, akashinda naye akimuuliza hiki kinafanya nini na kile kinafanya nini, mpaka fundi akachoka.

"Mama, unataka kuiendesha au unataka kuolewa nayo?"

"Nikishaijua vizuri ndiyo nitaamua," akamjibu.

Kusimama kando ya dizeli miaka yote hii kumempa sauti ya peke yake. Anakusalimia kana kwamba uko ng'ambo ya mto. Akitaka kukuambia jambo la faragha, majirani nao wanalipata. Simu yake huiweka laudi daima, kwa sababu sikio la kulia, lile linaloelekea injini, halishughuliki tena na mambo madogo madogo.

Mumewe, Saidy, ni kinyume chake. Kutwa yuko bondeni na mpunga wake, na maji ya mto yakishapungua hupanda mahindi na kunde kwenye tope lililobaki. Ni mtu wa maneno machache. Msimu wa mpunga kuiva ndiyo kabisa humwoni, maana analala huko huko kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, akigonga debe kufukuza viboko. Kiboko mmoja akiingia shambani, asubuhi unakuta pamelala kama pamesukumwa chapati.

Sasa, mwaka huo wa uchaguzi, mgombea urais aliyekuwa akiongoza ni Sadallah Mbaruku, yule wa chama cha mwavuli. Mwanajuma alimpenda mtu yule kwa moyo wake wote, na alikuwa na sababu. Mwaka wa mafuriko, tulipokimbilia shuleni na magodoro yetu, Sadallah alikuja akiwa bado mbunge wa huko kwao. Wengine waliokuja walipiga picha wakaondoka. Yeye alikaa, akanywa uji uleule tuliokunywa sisi, akalala darasani. Mwanajuma ndiye aliyemkorogea uji. Tangu hapo ukimsema vibaya Sadallah kwenye foleni ya mashine, mpunga wako unakobolewa mwisho.

Kampeni zilipoanza akapata kofia ya mwavuli, akaivaa kazini. Haikumaliza juma moja ikawa nyeupe kwa vumbi la pumba.

Halafu Sadallah akahojiwa redioni. Mtangazaji akamuuliza, watu wa Rufiji wanalia na viboko, wewe ukipewa nchi utawasaidiaje? Sadallah akacheka kidogo, akasema, "Basi wenzetu wajaribu kulima mbali na mto."

Redio ilikuwa inaning'inia palepale kwenye nguzo ya banda la mashine. Tulisikia wote. Tulime mbali na mto! Mpunga tuupande wapi, barabarani? Siku ile Mwanajuma hakusema kitu. Alimimina mpunga, akakoboa, akachekecha chenga. Tukajua limemwingia.

Simu ilikuja asubuhi ya Jumamosi, foleni imefika hadi nyumba ya jirani. Ilitetemeka kiunoni, alikoifunga kwenye pindo la kanga. Akaitazama. Namba ngeni. Akazima mashine, jambo ambalo kwa kawaida hulifanya kukiwa na msiba tu, akabonyeza laudi.

"Haloo! Nani mwenzangu?"

"Shikamoo, mama. Naitwa Shabnam, napiga kutoka Dar es Salaam. Tunafanya utafiti wa maoni kuhusu uchaguzi. Namba yako imechaguliwa na kompyuta, kwa bahati tu. Naweza kukuuliza maswali machache?"

"Marahaba, mwanangu. Uliza, ila wapo watu wanasubiri mchele."

"Sitakuchelewesha. Na usiwe na wasiwasi, mama, majibu yako ni siri. Hakuna mtu mwingine atakayeyasikia."

Foleni nzima tukaziba midomo kwa viganja. Bibi mmoja ilibidi akae chini juu ya gunia lake.

"Siri, sawa," akasema Mwanajuma, kwa sauti iliyofika barabarani.

Yule binti akamuuliza umri, kazi, na kama amejiandikisha kupiga kura. Yote akayajibu. Kisha likaja lenyewe.

"Kama uchaguzi ungefanyika leo, mama, kura yako ya urais ungempa nani?"

Mwanajuma akafungua mdomo. Sisi wote tulikuwa tunalijua jibu, na kofia ilikuwa kichwani. Lakini jina halikutoka. Alitazama upande wa bondeni, aliko Saidy na debe lake, akarudi akaitazama simu.

"Mwanangu," akasema, "ungeniuliza mwezi uliopita nisingekupotezea muda."

"Na leo je, mama? Niandike nini?"

"Andika bado naangalia."

"Hujaamua?"

"Naangalia! Mtu niliyempikia uji ameniambia nilime mbali na mto. Mwandikie hivyo."

Hapo foleni ikashindwa kujizuia. "Mwambie viboko!" "Na barabara, mwambie, mvua ikinyesha hatutoki!" "Na mimi aniulize!" Abdalah, fundi baiskeli ambaye chama chake ni kile kingine, akachomoza kichwa karibu na simu akitaja jina la mgombea wake kama anayenadi samaki. Shabnam alicheka mpaka tukamsikia akivuta pumzi. Akasema samahani, anaruhusiwa kumwandika yule mama tu, na hao wengine Mungu akipenda kompyuta itawafikia. Akashukuru, akakata.

"Kompyuta gani hiyo," akalalamika yule bibi juu ya gunia, "inayomjua Mwanajuma peke yake?"

Siku chache baadaye mkanda wa mashine ukakatika, Mwanajuma akaenda Kibiti kuununua kwa Jatin Ladha. Duka lile la vipuri lilikuwa la marehemu baba yake Jatin, na Mwanajuma alianza kununua pale Jatin akiwa bado anavaa kaptula ya shule. Juu ya rafu kuna televisheni ndogo, na juu ya meza ya kupokelea fedha, mwaka ule, Jatin alikuwa amebandika picha ya Sadallah Mbaruku akitabasamu.

"Shikamoo, mama. Mkanda tena?"

"Marahaba, mwanangu. Huo uliopita ulinipa wa kufungia mbuzi."

Jatin alikuwa juu ya ngazi akiutafuta, pale habari ilipotoka. Utafiti mpya wa maoni. Sadallah Mbaruku ameshuka kutoka asilimia hamsini na nne hadi arobaini na sita. Mpinzani wake anamkaribia.

Wateja wote wakaacha walichokuwa wamekishika.

"Zimepikwa hizo!" akasema dereva mmoja wa bodaboda. "Kuna mtu kalipwa."

"Wiki iliyopita alipokuwa juu hukusema zimepikwa," akamjibu mwenzake, aliyekuja kununua plagi, uso wote unacheka.

Mama mmoja aliyevaa kanga ya mwavuli akaketi kwenye ndoo ya rangi. "Arobaini na sita! Mbona hata wimbo wetu watu wanaupenda?"

Jatin akashuka ngazi na mkanda mkononi. Aliitazama televisheni, akaitazama picha ya Sadallah, akainyoosha kidogo ingawa haikuwa imepinda.

Yule wa bodaboda hakunyamaza. "Hebu niambieni jambo moja. Wanasema wameuliza watu elfu mbili. Mimi sijaulizwa. Baba yangu hajaulizwa. Kuna mtu yeyote hapa amewahi kuulizwa? Hao watu wanaishi wapi?"

"Mimi nimeulizwa," akasema Mwanajuma.

Aliposema "mimi" walisikia mpaka duka la pili. Watu wakamgeukia. Mmoja akaomba aione ile simu. Akawaonyesha. Wakaiangalia kama watu waliotarajia simu kubwa zaidi.

"Ukasemaje?"

"Nikasema bado naangalia."

Mshabiki wa mpinzani akaenda jokofuni akamletea soda, baridi kabisa. Yule mama wa kanga akasimama kutoka kwenye ndoo.

"Dada yangu, na kofia hiyo kichwani?"

Mwanajuma akashika kofia. Alikuwa amesahau kama anayo. Akaishiwa maneno, na sisi tunaomfahamu tulipohadithiwa sehemu hiyo ndiyo tuliyoshindwa kuiamini. Jatin ndiye aliyemnusuru.

"Mama ni mmoja kati ya watu elfu mbili," aliwaambia wateja. "Hawezi kumshusha mtu asilimia nane peke yake."

"Basi na hao wengine wana viboko?" akauliza Mwanajuma.

"Wana mambo yao, mama. Kila mtu ana kiboko wake."

Soda aliinywa, lakini haikumshuka vizuri. Njiani akavua kofia, akaitia mfukoni pamoja na mkanda.

Alipofika Mkongo alikuta habari imemtangulia. Nusu ya watu walimpokea kama aliyerudi Maka. "Mama Mashine, umewatikisa!" Abdalah akasema atampigia tairi upepo bure mpaka uchaguzi uishe, ingawa Mwanajuma hana baiskeli. Nusu nyingine walimsalimia kwa pembe ya mdomo. Na mlangoni kwake alikuwa amekaa Ismaily, mtoto wa dada yake, ambaye ndiye mratibu wa kampeni za Sadallah katika kata yetu.

"Mama mdogo, umeniponza."

"Nimekuponzaje?"

"Wamenipigia kutoka mkoani. Wanasema katika vijiji vya mto tumeporomoka, wananiuliza Mkongo kuna nini. Mimi niwaambie nini?"

"Si uwaambie kuna nini?"

"Niwaambie viboko?"

"Kwani hapa kuna nini kingine kikubwa zaidi?"

Ismaily akakuna kichwa. Ukweli ni kwamba tangu kampeni zianze alikuwa akipeleka mkoani habari za nderemo na shamrashamra tu, kwa kuwa alidhani ndizo zinazotakiwa. "Nikiwaambia kiongozi kakosea, watasema mimi nimeshindwa kazi."

"Usipowaambia watasema hivyo hivyo, ila utakuwa umechelewa."

Kesho yake mchana Mwanajuma alimpelekea mumewe chakula bondeni. Alimkuta juu ya dungu akifunga makopo kwenye kamba. Akapanda, akakaa, akamsimulia yote, simu, duka la Jatin, soda, Ismaily. Saidy akawa anakula wali na kambale taratibu.

"Kwa hiyo sasa Baba Fatima," akamalizia, "mtu wangu ameshuka kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?"

"Si wewe unayelala huku na viboko? Nilipotaka kulitaja jina lake nilikuona wewe na debe lako, likanikwama."

Saidy akanawa mkono. "Mimi kura yangu bado iko kwa Sadallah."

"Nini?"

"Haijaondoka. Neno lile lilinichekesha. Nilisema, mtu huyu siku akija nitampandisha hapa juu, ataelewa mwenyewe."

"Na mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mama Fatima." Alisema bila kinyongo, kama anayekumbusha chumvi. "Dar es Salaam wamekuuliza wewe. Mimi nyumbani kwangu hajaniuliza mtu."

Mwanajuma akaanza kucheka, na kicheko chake kikawatimua ndege wote waliokuwa kwenye mpunga, kazi ambayo makopo ya Saidy yalikuwa hayajaiweza. Akajifuta macho, akainua kijiko cha kupakulia akakiweka sikioni kama simu.

"Haloo. Shikamoo, baba. Napiga kutoka Dar es Salaam. Majibu yako ni siri."

"Marahaba," akasema Saidy. "Siri na sauti hiyo?"

Akamuuliza yote siku hiyo. Kura, halafu barabara, halafu kama anachoka kulala juu ya miti, halafu mambo ambayo hayahusu uchaguzi hata kidogo. Saidy alijibu moja moja. Mwanajuma alisema baadaye kwamba katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia mume wake akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo, na kwamba alijiona mjinga kidogo, na furaha nyingi.

Ismaily naye alipiga ile simu ya mkoani. Alisema viboko, na akaeleza neno la redioni lilivyopokelewa. Upande wa pili ukasema asante. Baada ya hapo ratiba ikabadilika. Sadallah Mbaruku alikuwa apite Kibiti na Ikwiriri tu, kwenye lami. Sasa anakuja Mkongo.

Magari yalifika mekundu kwa vumbi, huwezi kujua lipi lilikuwa jeupe. Tulijaa uwanja wa shule. Sadallah akapanda jukwaani, amekonda kuliko kwenye picha. Hakuanza na wimbo.

"Nimesikia mmenikasirikia," akasema. "Nimeambiwa kuna mama mmoja hapa."

"Mama Mashine!" uwanja mzima ukaitika.

Akapelekwa mbele. Kijana wa vyombo akampa kipaza sauti, Mwanajuma akakiangalia, akamrudishia.

"Mheshimiwa, shikamoo. Mimi ndiye niliyekukorogea uji mwaka wa mafuriko."

Sadallah akamtazama vizuri, uso ukamfunguka. "Ulikuwa na tangawizi."

"Ndio huo. Sasa umetuambia tulime mbali na mto. Sisi mto ndio unatulisha. Nilitaka nikuulize, ulikuwa unafikiri nini?"

Ismaily alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesubiri kupigwa sindano.

"Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, feni inanipepea," akasema Sadallah, "na nikataka kumaliza swali haraka nikanywe chai. Sikuwa nafikiri. Neno lile nalifuta, na naomba radhi. Nikipewa nafasi nitaleta askari wa wanyamapori akae hapa hapa msimu wa mpunga. Lakini siwezi kuwaahidi kwamba viboko watanisikiliza."

"Hata mkeo hakusikilizi!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na Sadallah mwenyewe akacheka kuliko sisi.

Saidy alitaka sana kumpandisha dungu, lakini walinzi walilitazama lile dungu, wakatazamana, wakasema muda hautoshi. Hilo lilimuuma Saidy. Alikuwa ameshalifagia.

Usidhani kila mtu alirudi kwenye mwavuli. Abdalah alisema mgombea ameongea vizuri sana, na kura yake iko palepale kwa mwingine. Yule bibi wa gunia alisema radhi ameipokea ila askari atamwamini akimwona. Mwanajuma alipoulizwa alisema anaendelea kuangalia, na safari hii alisema huku amevaa kofia, ameifua.

Utafiti wa mwisho ulipotoka, Sadallah alikuwa amepanda kidogo. Ismaily alikuja mbio mashineni. "Mama mdogo, umempandisha!"

"Mimi safari hii hawakunipigia," akamjibu. "Watafute wenyewe uwape hongera."

Siku ya kura tulipanga mstari mapema. Mwanajuma na Saidy walikuja pamoja, yeye amevaa baibui jipya, mume amechomekea. Baada ya kupiga walirudi kwa miguu, na sisi tulikuwa nyuma yao. Tulimwona Saidy, mtu asiyeuliza, akigeuka na kumuuliza mkewe jambo. Mwanajuma akasogea, akaweka mdomo kwenye sikio lake. Tulikaza mwendo, tukatega masikio wote. Hatukupata hata herufi. Saidy alitikisa kichwa akitabasamu, wakaendelea na njia yao.

Sadallah alishinda kwa tofauti ndogo. Kibiti walipiga honi mpaka jioni, na Jatin akampigia Mwanajuma kumwambia duka zima linamsalimu, isipokuwa yule wa soda, ambaye anataka soda yake.

Askari wa wanyamapori alifika mpunga ulipoanza kuinama. Mmoja tu, anaitwa Abdulhalim, na pikipiki yenye taa moja. Viboko wanakuja bado, ila sasa wanakuja wachache, na akifyatua risasi hewani wanarudi majini wakilalamika. Sasa kuna siku Saidy analala nyumbani.

Mwezi uliopita wilaya iliitisha kikao Utete cha wakulima na watu wa wanyamapori, kila kata itoe msemaji wake. Ismaily alisimama mkutanoni akauliza, kama ilivyo desturi yake mpya ya kuuliza watu kwanza, tunamtaka nani. Mikono iliyonyooka kwa Mwanajuma ilikuwa mingi hata mwenyekiti hakuhangaika kutazama mingine. Walivuka kwa kivuko, yeye na mumewe, Saidy amebeba mfuko wa mchele wa kuwapelekea wenyeji. Kikao kiliisha mchana. Walikaa gengeni wakaagiza samaki wa kuchoma na ugali, na Mwanajuma akamuuliza muuza samaki, kwa sababu tu alitaka kujua, huku kwao Utete mambo yakoje. Mwanamke yule akaweka upepeo chini, akavuta kigoda, akaanza kueleza.